Praima ya grafini kwenye fremu za vizimba: nilichokiona Luchelele

Kwa wafugaji wenzangu wa samaki wa vizimba, na mafundi wa boti za chuma mnaoniuliza kuhusu ile praima nyeusi ya grafini, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu iliyotiwa vipande vyembamba vya kaboni: inafanya kazi. Nasema hivyo nikiwa nimeilipia kwa fedha ya sato wangu, nimeipaka, nimeizamisha ziwani, kisha nikaitoa na kuikagua baada ya masika na kiangazi kupita juu yake. Lakini inafanya kazi kwa masharti, na sharti kubwa kuliko yote haliko mikononi mwetu sisi tunaonunua.

Vizimba vyangu viko upande wa Luchelele, hapa Mwanza. Fremu ni za bomba la chuma la inchi 2, zimechomelewa, zimekaa juu ya mapipa ya plastiki. Wenye mtaji mkubwa wananunua vizimba vya mviringo vya plastiki ngumu na hawana habari na kutu. Sisi wengine tunaanza na chuma kwa sababu fundi yupo Nyakato na bomba lipo dukani. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya Dar es Salaam, kwa hiyo kutu ya huku haina haraka ya pwani, ila haipumziki. Inaanzia sehemu mbili ambazo kila mwenye kizimba anazijua. Ya kwanza ni viungo vilivyochomelewa: hata ukinunua bomba lililopakwa zinki, moto wa fundi unaiunguza ile zinki pale pale kwenye kiungo na chuma kinabaki uchi. Ya pili ni msitari wa maji, wimbi linapopanda na kushuka. Chuma kinaloa, kinakauka, kinaloa tena, na hewa ipo tele. Bomba linaweza kuwa zima kabisa huko chini, huku kwenye msitari ule lina tundu la kupitisha kidole. Kiungo kikikatika usiku wa upepo, wavu unafunguka, na samaki uliowalisha kwa miezi kwa chakula cha kununua wanarudi ziwani.

Ndiyo maana nilipoambiwa kuna praima ya epoksi yenye grafini, sikuuliza kwanza bei. Niliuliza kama kuna mtu aliyeipaka kitu kinachokaa majini. Hakuna aliyenijibu, nikaamua kuipaka mimi.

Inakuja kwa makopo mawili. Kubwa lina rangi yenyewe, dogo lina hadina, dawa ya kuifanya igande, na yote mawili pamoja ni kilo 5. Imetengenezwa China. Jina la kiwanda sitaliandika, kwa kuwa bidhaa za namna hii zinaingia mjini kwa majina tofauti, na nisingependa mtu akanunue jina badala ya kusoma kilichoandikwa kwenye kopo. Nililipa kama Sh 185,000, wakati epoksi ya kawaida ya uzito huo huo, kwenye duka hilo hilo la upande wa Mabatini, ilikuwa Sh 120,000. Muuzaji wa pale nampa sifa zake: alinifungulia kopo nikaangalia kabla ya kulipa, akachota chini kwa fimbo kunionyesha kwamba hakuna tope lililoganda, na akanipa karatasi ya maelezo ya kiufundi bila kuombwa mara mbili. Karatasi ile ilitaja kiasi cha zinki, uwiano wa kuchanganya, unene wa kila mkono wa rangi na muda wa kukauka. Kuhusu grafini iliandika kiasi chake pia, chini ya asilimia moja. Watu wengi wakisikia hivyo wanaona wametapeliwa, lakini kiasi hicho ndicho cha kawaida kwenye rangi, na nitaeleza kwa nini.

Upakaji wake una adabu yake. Tulisaga viungo kwa gurainda mpaka chuma kikang'aa, tukafuta mafuta kwa tina, tukasubiri. Asubuhi ya Luchelele ina umande ambao huuoni kwa macho, unauona kwa kiganja: pitisha mkono kwenye bomba, mkono unatoka na unyevu. Epoksi ikipakwa juu ya umande haishiki, iwe na grafini au isiwe nayo. Kwa hiyo fundi alianza jua likiwa limepanda, na kabla ya upepo wa mchana kuanza kuleta vumbi la barabarani. Rangi ni nzito kuliko epoksi ya kawaida. Inataka ikorogwe kwa mashine ya kutobolea iliyofungwa fimbo ya kukorogea, siyo kwa kipande cha mti, kwa sababu vipande vya grafini vinapenda kushikana, na vikishikana vinakuwa madonge yasiyo na faida yoyote. Kwenye viungo anza kwa brashi, uisukume rangi iingie kwenye vishimo vya ule mshono, ndipo upitishe rola kwenye bomba lililonyooka. Vaa glavu. Hadina ya epoksi inawasha ngozi, na mtu ikishamkataa mara moja itamkataa maisha yake yote.

Kingine ambacho mafundi wengi wanakiruka: praima hii haitaki kuachwa wazi juani. Epoksi ikipigwa na jua inageuka unga juu. Lazima upake rangi ya juu ya poliurethani, na hesabu yako ya gharama iwe nayo tangu mwanzo. Baada ya hapo tuliziacha fremu nchi kavu kwa siku 7 zilizoandikwa kwenye karatasi. Haya maji tunayofugia ndiyo ambayo mji wa Mwanza unayanywa, na rangi ambayo haijakomaa haina ruhusa ya kuingia humo.

Sasa matokeo. Nilikuwa na fremu tatu za kulinganisha, zilizochomelewa na fundi mmoja kwa bomba la mzigo mmoja. Moja ilipakwa redoksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, na rangi ya mafuta kama tulivyozoea. Moja ilipakwa epoksi ya kawaida yenye zinki, na rangi ya juu. Moja ilipakwa epoksi ya grafini, na rangi ile ile ya juu. Tulipozivuta ufukweni tuliosha ukoga wa kijani na kubandua konokono kwa kipande cha ubao, tusije tukakwaruza kwa chuma halafu tukasingizia ziwa.

Ya redoksaidi ilikuwa na malengelenge mfululizo kwenye msitari wa maji. Ukilitoboa moja kwa msumari linatoa maji ya kahawia. Sina la kuongeza.

Ya epoksi ya kawaida ilikuwa nzima kwenye bomba lililonyooka, na mtu asiyekagua kwa karibu angesema imepita. Lakini kwenye mishono ya kuchomelea kulikuwa na nukta za rangi ya chungwa zimepangana kufuata ukingo, na pale ambapo mnyororo wa nanga ulikuwa umeisugua, ukiingiza ncha ya kisu rangi inanyanyuka mpaka upana wa ukucha wa dole gumba. Maana yake kutu ilikuwa inatembea chini ya rangi.

Ya grafini ilikuwa safi kwenye mishono. Pale mnyororo uliposugua mpaka chuma kikaonekana, kutu ilikuwepo kama kwa mwenzake, tena nyeusi, lakini haikutambaa. Niliingiza kisu pembeni ya mkwaruzo na rangi ikakataa kunyanyuka. Nikachukua wembe nikachora mistari ya miraba, nikabandika selotepu, nikaivuta kwa nguvu. Kwenye epoksi ya kawaida pembe chache za miraba zilitoka na selotepu. Kwenye ya grafini selotepu ilirudi tupu.

Nina deni la haki hapa. Kwa kuwa rangi ya grafini ni nzito, mkono mmoja unaacha utando mnene kuliko wa epoksi ya kawaida, na unene peke yake unalinda chuma. Kwa hiyo nilipakisha sahani ndogo za chuma, nikiupima utando kwa kitana cha kupimia rangi mbichi mpaka ukalingana pande zote, nikazichora herufi X kwa msumari na kuzitundika kwenye msitari wa maji. Tofauti ilipungua, haikuisha. Ubora wa rangi hii kwa sehemu ni unene wake, na kwa sehemu ni kile kilichomo ndani.

Kilichomo ndani ni kaboni, kitu kile kile cha kwenye kalamu ya risasi. Kinywe, yaani grafaiti, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana, na grafini ni tabaka moja la hayo, lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilitenga mwaka 2004 kwa kubandika utepe wa gundi juu ya kinywe na kuubandua tena na tena mpaka wakabaki na utando mwembamba kabisa. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ndani ya rangi vipande hivyo vinalala bapa, kimoja juu ya kingine, na maji na hewa vinavyotaka kufikia chuma havipati njia ya mkato: vinazunguka kama mtu anayepanda kwa miguu kwenye nyumba za mlimani Mabatini, kila akitaka kunyooka anakutana na jiwe. Mika na vipande vya kioo vimefanya kazi hiyo kwenye rangi za meli miaka mingi kabla. Grafini ni nyembamba mno, ndiyo maana kidogo sana kinatosha. Tena inapitisha umeme, kwa hiyo kwenye praima ya zinki inaziunganisha punje za zinki ili zinki nyingi zaidi ijitoe kuliwa na kutu badala ya chuma.

Hilo la kupitisha umeme lina upande wa pili ambao muuzaji hatakuambia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba utando wa grafini uliowekwa juu ya shaba ulilinda kwa muda mfupi, halafu kadiri muda ulivyokwenda shaba ikaliwa zaidi kuliko ambayo haikufunikwa. Palipo na ufa, grafini na metali vinafanya betri ndogo, na metali ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo anayekuuzia kwa kusema "hii ina grafini nyingi" hajakupa sifa. Kinachotakiwa ni grafini kidogo, iliyotawanywa vizuri, kila kipande kimezungukwa na epoksi.

Duka la Mabatini liliishiwa. Kaka yangu akapata makopo mengine kwa muuzaji mwingine mjini, bei nafuu kwa tofauti ya kuridhisha, na neno grafini limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko la kwanza. Hatukuyapaka kwenye fremu, tuliyajaribu kwenye sahani. Nilipofungua kopo, fimbo iligonga kitu kigumu chini. Rangi ilikauka, lakini hata baada ya wiki ukiisugua kwa kitambaa kitambaa kinatoka cheusi, na ukichora kwa ukucha unabaki msitari wa kijivu unaong'aa, kama umeandika kwa kalamu ya risasi. Sahani zile zilitoka majini na malengelenge kama ya redoksaidi.

Nilirudi kwa yule muuzaji. "Mama, grafini ni grafini," akaniambia. Nikamwambia, "Kaka yangu, nionyeshe ilipoandikwa ni kiasi gani, na ni ya namna gani." Akaligeuza kopo, akalizungusha lote, akaliweka chini. Hakuwa na cha kunionyesha, na sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kuonyeshwa na aliyemuuzia.

Hili halijatokea Mwanza peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya kupima sampuli kutoka kampuni 60 za dunia zinazouza grafini. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na grafini isiyofika asilimia 10, na hakuna hata moja iliyozidi nusu. Kilichobaki kilikuwa zaidi ni unga wa kinywe wa kawaida, uliosagwa vizuri na kupewa bei ya juu. Kama wanunuzi wenye maabara waliuziwa hivyo, mwenye kizimba na kisu chake atajuaje? Viwango vipo. Msamiati wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, wa mwaka 2017 unaitambua grafini ya tabaka moja, ya mawili, na ya machache kuanzia 3 hadi 10. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa ISO wa jinsi ya kupima vipande vyake kwenye unga na kwenye vimiminika. Kinachokosekana ni kwamba hakuna anayelazimika kuandika kwenye kopo ametumia ipi, na ndilo lile sharti lisilo mikononi mwetu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu kinywe ni chetu. Kipo Mahenge, kipo Lindi kule Ruangwa, na Mirerani kimezunguka tanzanite yenyewe. Kwenye mradi wa Mahenge, kampuni ya Faru Graphite, Serikali ina hisa 16 kwa mia, na POSCO ya Korea Kusini imo kwenye mikataba ya kununua, kwa ajili ya betri. Sina ugomvi na betri. Lakini nasimama dukani Mwanza nikiwa nimeshika kopo lililovuka bahari, lenye kijiko cha kaboni ndani yake, nimeongezewa Sh 65,000 kwa sababu ya kijiko hicho, na nchi yangu inauza mawe yake kwa tani. Kinywe kinauzwa kwa tani, grafini inauzwa kwa kilo. Sheria zetu za madini za 2017 zinataka madini yaongezwe thamani hapa hapa, na hapa Mwanza tumeuona mfano kwa macho: kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa mwaka 2021. Dhahabu iliwezekana.

Ila grafini haiendi kama dhahabu, na hapa naomba wanaopanga mambo ya viwanda wasikilize hata kama anayesema ni mfuga samaki. Dhahabu ikishasafishwa ina mnunuzi siku hiyo hiyo. Grafini haina mnunuzi wa namna hiyo. Hakuna mtu anayekwenda dukani kununua grafini. Ananunua rangi, tairi, zege, raketi ya tenisi, na grafini imo ndani. Uingereza, ilikotengwa mara ya kwanza, ilijenga Taasisi ya Taifa ya Grafini pale Manchester kwa pauni milioni 61, ikafunguliwa mwaka 2015. Umoja wa Ulaya ulianzisha mradi wake mwaka 2013 kwa bajeti ya euro bilioni 1 kwa miaka 10. Kwa fedha zote hizo, vitu vilivyofika kwa watu haraka vilikuwa vya kawaida sana. Kampuni ya Head ilitoa raketi zake mwaka 2013. Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaitia kwenye vifuniko vya sehemu za injini, ikasema kelele zimepungua kwa asilimia 17 na uvumilivu wa joto umepanda kwa asilimia 30. Na Applied Graphene Materials, kampuni ya Uingereza iliyojikita hasa kwenye rangi za kuzuia kutu, biashara yake iliishia kununuliwa na Universal Matter ya Canada mwaka 2023. Ujuzi walikuwa nao. Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi kila mtengeneza rangi abadilishe mapishi yake, ajaribu kwa miaka, ndipo aagize.

Kwa hiyo mteja wa grafini ya Tanzania, kama itakuwepo, ni mkemia wa kiwanda cha rangi cha Dar es Salaam. Unga mweusi unaopeperuka hautaki. Anataka grafini iliyokwisha kutawanywa kwenye epoksi, anayoweza kuimimina kwenye pipa lake bila kubomoa kiwanda, ikiwa na cheti kinachosema matabaka mangapi na kiasi gani, na mzigo wa mwezi ujao uwe sawa na wa mwezi huu. Kutengeneza vipande vyenyewe si muujiza tena. Mwaka 2014 Jonathan Coleman na wenzake wa Trinity College Dublin walionyesha kwamba kinywe kikizungushwa kwa kasi ndani ya kimiminika kinachofaa kinajibandua matabaka, na walifanya hivyo hata kwa blenda ya jikoni na sabuni ya kuoshea vyombo, kabla ya kuhamia kwenye mapipa makubwa. Njia nyingine ya zamani inatumia asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, na inaacha maji machafu mengi. Kama kiwanda kitakuja ukanda huu wa ziwa, ombi langu kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira, ni moja: hiyo ya asidi isiwekwe mahali ambapo mfereji wake unashuka kwetu.

Na soko la rangi hiyo lipo mbele ya macho yetu. MV Mwanza, meli ya abiria 1,200 na mizigo tani 400, iliyoshushwa majini Februari 2023 pale Bandari ya Mwanza Kusini, ni chuma. Pantoni ni chuma. Matangi ya mafuta, minara ya maji, fremu za paa kwenye viwanda vya samaki, vyote chuma, na vyote vinapakwa upya kila baada ya miaka michache. Wenye vyombo hivi wakisema kwenye zabuni zao kwamba praima yoyote inayoitwa ya grafini lazima ije na vipimo, makopo kama yale ya pili yataondoka sokoni yenyewe, na atakayetengeneza nzuri hapa nchini atapata oda ya kuanzia.

Vipimo hivyo havihitaji kusubiri maabara ya mabilioni. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi cha FETA, ziwa liko mlangoni pao. Iwekwe majini chelezo moja, zitundikwe sahani za chuma zilizopakwa kila praima inayouzwa mjini, pamoja na ile isiyo na grafini kwa ajili ya kulinganisha, TBS waweke mihuri yao, na matokeo yabandikwe ukutani mtu yeyote asome. Wanafunzi wa VETA wanaojifunza kuchomelea na kupaka wazitengeneze hizo sahani. Nafasi ya kuzitundika ikikosekana Nyegezi, pembeni ya vizimba vyangu ipo, na mtumbwi wa kwenda kuzikagua nitautoa bure.

Kwa sasa, kwa anayetaka kununua: omba karatasi ya maelezo kabla ya kutoa fedha. Kama haitaji kiasi cha grafini na unene wa kila mkono, nunua epoksi ya kawaida yenye zinki. Ni rangi ya heshima, na itaizidi redoksaidi kwa mbali. Fungua kopo, chota chini. Usipake fremu nzima praima ya grafini, hasa kama mtaji wako ni mdogo kama wangu. Kwa fremu ninazochomelea sasa nimeagiza ya grafini kutoka duka lile la Mabatini kwa ajili ya viungo vyote na kiasi cha mkono mmoja juu na chini ya msitari wa maji. Mabomba mengine yatapata epoksi ya kawaida, kisha fremu yote rangi moja ya juu. Kwenye pete ambako mnyororo wa nanga unasugua, fundi anavisha kipande cha mpira wa tairi, kwa sababu pale hakuna praima ya aina yoyote itakayoshinda.